Wamekwisha kufundwa: shajara ya mradi wa elimu ya uzazi shuleni, Newala, 2024

Februari 6

Kibali kimetoka halmashauri, kina mhuri na nakala kwa ofisa elimu kata. Tunaanza na shule mbili za sekondari za kata, zote juu ya uwanda wa Makonde upande wa Newala, mkoani Mtwara, kidato cha kwanza na cha pili. Kipindi ni kimoja kwa wiki, mchana, ule muda wa michezo, kwa hiyo tunashindana na mpira. Timu ni mimi, muuguzi wa zahanati. Walimu wa malezi, mmoja kila shule. Na ofisa maendeleo ya jamii wa kata, dada ambaye Kimakonde chake kitatuokoa mara nyingi, maana changu ni cha kununulia samaki tu.

Tutafundisha kubalehe, hedhi, mimba inavyotungwa, magonjwa ya zinaa na VVU, sheria zinazomlinda mtoto, namna ya kukataa na mahali pa kukimbilia. Shuleni hatugawi kondomu na hatukuomba kugawa. Naliandika hili mapema kwa sababu barua haijamaliza hata siku mezani na nimekwisha kuulizwa sokoni nimeyaficha wapi maboksi yake.

Kwa nini vidato hivi viwili: ndipo wanapopotea. Msichana anaingia Januari na sare mpya, ikifika kidato cha tatu dawati lake limekaliwa na mwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Ule wa 2022 ulikuta 22. Imeshuka, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Februari 20

Kipindi cha kwanza. Mwalimu wa Biolojia, kijana aliyepangiwa huku kutoka kanda ya ziwa, alichora mfumo wa uzazi ubaoni vizuri mno, akaandika majina yote kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, akageuka akakuta darasa zima linatazama meza. Si haya peke yake. Watoto hawa mwaka jana tu walikuwa darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili. Leo wanasimuliwa miili yao wenyewe kwa lugha ambayo bado wanaitafuta kwenye kamusi. Wanakariri. Muulize msichana yai hutoka wapi, atakutajia jina la kitabuni bila kukosea herufi. Mwambie aonyeshe kwenye mchoro, atagusa tumbo la chakula.

Tumekubaliana: vipindi vyetu ni vya Kiswahili, na pakikwama dada wa maendeleo ya jamii anasogeza kwa Kimakonde. Mwalimu wa Biolojia ameridhika. Nadhani hata yeye amepumua.

Jambo la pili la leo ndilo kubwa. Tulipowatoa wavulana nje ili wasichana waseme kwa nafasi, mmoja aliuliza, "Sasa haya si tulishafundishwa unyagoni?" Wenzake wakacheka huku wamefunika midomo. Nimekaa huku kiasi cha kujua kwamba msichana wa uwanda huu ambaye hajachezwa unyago ni wa kutafuta, na mvulana ambaye hajapita jando hali kadhalika. Wamekaa ndani, wameimbiwa, wameonywa wasitoe siri. Ukija na chaki ukawasemesha kama watu wasiojua lolote, wanakuona wewe ndiye mtoto.

Machi 5

Sanduku la maswali limefunguliwa. Ni boksi la dawa nililolibandika karatasi na kulitoboa juu, limewekwa nyuma ya darasa karibu na mlango ili mtu atumbukize akiwa anapita. Limejaa. Nanukuu baadhi, nimerekebisha herufi tu.

"Ukiruka ruka baada ya tendo mimba inaanguka?" Haianguki. Mbegu za kiume zinaogelea zenyewe na huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke mpaka siku 5.

"Mara ya kwanza mtu hashiki mimba, ni kweli?" Si kweli. Tena niliwaongezea ambalo hawakuuliza: msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai ndilo linalotangulia, damu inafuata kama wiki mbili baadaye. Hili limewashtua kuliko yote ya wiki hii. Unyagoni mwanzo wa hatari ni damu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mlango hufunguka kabla.

"Siku salama zinahesabiwaje?" Nimewaeleza kwa nini msichana wa umri wao asizitegemee. Miaka ya mwanzo mzunguko unayumba: mwezi huu siku 21, ujao 45, na kalenda inataka mzunguko unaotabirika.

"Ndoto nyevu ni ugonjwa? Nimeacha kwenda kulala kwa bibi." Huyu nimemjibu mbele ya darasa zima bila kumtafuta: si ugonjwa, ni mwili unabalehe, rudi kwa bibi yako.

"Nilichezwa darasa la tatu nikaambiwa sasa mimi mkubwa. Mpaka leo sijaona siku zangu. Je, nimerogwa?" Swali hili nimelirudia kulisoma nyumbani. Unyago wa zamani ulimngoja msichana avunje ungo. Siku hizi ngoma ni gharama: chakula cha wageni, kanga, malipo ya makungwi. Mwenye mabinti watatu huwaingiza wote kwa pamoja ili apike mara moja, na mdogo wao pengine ana miaka 8 au 9. Anatoka ndani ameambiwa amekuwa mtu mzima, na mwili wenyewe haujui habari hiyo. Nimemjibu kwamba hajarogwa, hedhi ina watu wake wa mapema na wa kuchelewa, na akitimiza miaka 15 bila kuiona aje zahanati tumwangalie.

Karatasi moja niliikunja nikaitia mfukoni. "Mwalimu akikutaka, ukikataa anakufelisha, ufanye nini?" Haina jina wala darasa. Jioni nilikaa na mwalimu wa malezi na mkuu wa shule. Mkuu aliisoma, akaisoma tena, hakuniuliza nani kaandika. Bila mlalamikaji hakuna kesi, lakini kuna milango ya kufunga, na tumeifunga: hakuna mwanafunzi kupeleka madaftari wala maji nyumbani kwa mwalimu, masomo ya ziada ni darasani na mlango wazi, na namba 116 ya simu kwa mtoto imeandikwa ubaoni kwa rangi, si chaki. Kipindi kijacho tutaeleza kazi ya dawati la jinsia na watoto pale polisi, ili aliyeandika asikie bila kuangaliwa.

Machi 19

Ramadhani. Nusu ya darasa wamefunga na saa nane mchana vichwa viko juu ya madawati. Tumegusa VVU kwa ufupi: kipimo, dawa, na kwamba tangu 2019 sheria inamruhusu aliyefika miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Mvulana mmoja akauliza kama kupimwa damu kunabatilisha funga. Nimempeleka kwa ustadhi, hilo halimo kwenye mwongozo wangu.

Aprili 17

Idi imepita, tumefanya mkutano wa wazazi. Walikuja akina mama wengi, akina baba wachache, na wajomba. Bila wajomba usijisumbue kuita mkutano huku. Mtoto ni wa ujombani, na neno la unyago, la jando na la posa hupitia kwa kaka wa mama.

Mzee mmoja alisimama mapema akasema tunawafundisha watoto jinsi ya kufanya. Nilikuwa nimejiandaa. Nina mwongozo wa UNESCO wa 2009 uliorekebishwa 2018, unaoeleza kwamba tafiti zilizokusanywa nchi mbalimbali hazikuona vijana wakiharakisha kuanza ngono kwa sababu ya kufundishwa. Sikuufungua. Sheikh wa kijiji aliomba nafasi kabla yangu.

"Madrasa tunamfundisha mtoto twahara," akasema. "Hedhi, janaba, josho la lazima, masharti yake na nguzo zake. Mzee wangu, utamfundishaje mtu josho la janaba bila kumwambia janaba linatokana na nini?"

Ukumbi ukacheka, na mzee naye akacheka. Kutoka hapo maswali yakawa ya saa ngapi na nani anasimamia. Kwa hiyo mtoto wa huku ana walimu watatu wa jambo hilihili: kungwi, ustadhi, na mwalimu wa Biolojia. Na watatu hao hawajawahi kukaa mkeka mmoja.

Mama mmoja alinifuata nje. "Dada, mimi la binti yangu silisemi. Ni la somo yake, aliyemfunda. Nikilisema mimi ni aibu yangu na yake." Kila mwongozo unaotoka mjini unawaambia wazazi wakae na watoto wao wazungumze. Kwa mama huyu tutakuwa tunamwagiza avunje mwiko ili atusaidie kazi, wakati mtu wa kuisema anaye, anajulikana kwa jina na nyumba.

Aprili 26

Wiki ya chanjo. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sasa inatolewa kwa dozi moja na kwa wote wa miaka 9 hadi 14. Uvumi ulitutangulia: inafunga kizazi. Asubuhi walikuja wachache mno. Nilieleza kwamba kirusi chenyewe huambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana chanjo inatangulia mapema, na kwamba hakuna saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko hii. Walisikiliza kwa heshima na hawakuwaleta watoto.

Aliyekata mzizi wa fitina ni kungwi mkubwa wa kijiji. Mchana alikuja anamshika mkono mjukuu wake, akakaa kwenye benchi la mbele, akangoja zamu kama watu wengine. Hakusema neno. Hadi jioni foleni ilifika kwenye mkorosho wa nje.

Nimeandika kwenye daftari la mradi: tunafanya nini bila mama huyu?

Mei 8

Kimbunga Hidaya. Hapa juu ni mvua na mabati machache, lakini barabara ya Dar es Salaam imekatika huko Somanga na lori lenye vitambaa vya pedi na vitabu limekwama ng'ambo. Tunafundisha kwa michoro ya mkono.

Mei 22

Tumekwenda kwa makungwi. Sukari, sabuni, shikamoo bibi, mkeka. Mwalimu wa Biolojia tulimwacha barazani kwa wanaume, akapewa ming'oko ya kuchemsha na hadithi za vita vya Msumbiji.

Kungwi mkubwa alianza yeye: "Ya ndani hatusemi." Tukajibu kwamba hatukuja kuyauliza, na ni kweli. Nimeona miradi iliyokuja na daftari la kuandika siri za unyago. Ilipewa nyimbo za kuchekesha, ikarudi mjini na ripoti nene.

Akauliza swali ambalo nilipaswa kuulizwa na halmashauri nikiomba kibali. "Ninyi mna nini ambacho sisi hatuna?"

Nikamwambia: bibi, tuna vipimo, tunajua yai linatoka lini, na tunayo sheria. Adabu, usafi, na kumfanya msichana asikilize, hayo mnayo ninyi na sisi hatuna. Akanyamaza kidogo, akatafuna tumbaku yake. Kisha akasema lake.

Zamani, alisema, mwali alikaa ndani miezi. Mambo yalikwenda kwa mpango: kwanza usafi, kisha heshima, kazi, namna ya kukaa na watu, na ya mume yalikuja mwisho kabisa, mara nyingi posa ikiwa imeshafika mlangoni. Sasa kuna shule. Mwali anapatikana likizo tu, na likizo nayo ina siku zake. "Tunayakimbiza. Na mzazi amelipa, anataka yote." Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anapewa mafundisho ya mke ndani ya wiki chache, kwa sababu baadaye hakutakuwa na ngoma nyingine ya kumpa.

Sijawahi kusikia mtu yeyote wa miradi akilieleza hivi. Semina zote nilizokaa husema unyago unawaharibu watoto, basi. Bibi huyu hasemi unyago hauna kosa. Anasema umebanwa na kalenda ya shule upande mmoja na mfuko wa mzazi upande mwingine, na kilichopotea ni ule mpangilio wa umri. Mimi nakubaliana naye.

Tulijadiliana mpaka kivuli kikahama. Makubaliano ni haya: wadogo ambao hawajavunja ungo wapewe usafi, heshima na hedhi, ya ndoa yangoje ndoa. Sisi tutawaeleza makungwi somo la yai na mimba, na kuwaletea mchoro. Mwali atakayeonekana na dalili za maradhi au kuumizwa na mtu ataletwa zahanati bila kupigiwa kelele. Kungwi mmoja wa makamo aliinuka kabla ya mwisho, akasema haya yote ni mbinu ya serikali ya kupiga marufuku ngoma. Hakurudi. Naye ana wateja wake, na nyumba zake hatutazifikia.

Si jambo geni kusini. Masasi, hapo chini tu, kanisa la Anglikana lilikabili swali hili kizazi cha kwanza cha Wakristo. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona heri jando liendelee kwa sura ya Kikristo kuliko kulipiga vita. Sisi tunaomba kidogo kuliko yeye.

Juni 14

Likizo. Hakuna vipindi. Usiku ngoma zinasikika kutoka pande zote za kijiji, na zahanati nimeacha sanduku la nyembe mpya kwa watu wa jando, moja kwa kila mtoto.

Julai 18

Vitambaa vimefika hatimaye. Wasichana na wavulana wanashona pedi za kufua. Wavulana wawili wana mkono mzuri kuliko mimi.

Lakini pedi ya kufua inataka maji. Uwanda huu hauna mto. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na pampu ikisimama watu wananunua ndoo. Shule inakinga mvua kwenye tangi, na tangi hilo Julai linatoa sauti tu. Mwongozo unasema pedi ifuliwe kwa maji safi na sabuni, ianikwe juani. Msichana aliniuliza ataianika wapi, mbele ya nani.

Za kutupa ni bei. Mwaka 2018 serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha, ikieleza kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Kijijini kwetu hakuna aliyeona tofauti kwenda wala kurudi. Dukani pakiti ni zaidi ya 2,000, na kuna nyumba ambayo fedha hiyo ni mboga ya siku mbili.

Kitu kilicholeta nafuu kubwa mpaka sasa hakimo kwenye mpango wa mradi: komeo la ndani la mlango wa choo cha wasichana. Fundi wa kijiji aliliweka asubuhi. Mwalimu wa malezi anasema wasichana waliokuwa wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani saa nne sasa wanabaki. Wiki ijayo shule ya pili.

Agosti 21

Wavulana wamelalamika kwamba kila kitu ni cha wasichana. Wana haki.

Wa kidato cha pili walianza na kujigamba. "Sisi tumetahiriwa, ukimwi unatuhusu nini?" Nikawaeleza majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda: tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Mmoja akapiga hesabu haraka, akasema, "Kumbe arobaini imebaki." Imebaki. Na tohara haimzuii msichana kushika mimba hata kwa asilimia moja, wala haimkingi yeye na maambukizi kutoka kwako.

Kisha niliwapa chaki waandike wanafunzi wa kike wanapewa mimba na nani. Wakaandika bodaboda, wanunuzi wa korosho, wavuvi wanaopandisha samaki, mafundi, mwalimu. Mmoja akasimama akaongeza "sisi", na ugomvi ukaanza. Nusu wanamwambia afute, nusu wanamwambia aache. Ilikuwa nusu saa nzuri kuliko vipindi vyote vya mwaka huu, na mimi karibu sikusema kitu.

Kilichotoka humo ni kwamba wengi wao hawakutaka. Wakitoka jando kaka wakubwa mtaani huwaambia sasa mmekuwa wanaume, kathibitisheni, na asiyethibitisha anachekwa mpaka anahama kijiwe. Nilimwomba mzee wa jando aje wiki hii. Alikuja na kofia yake, akasikiliza, uso ukabadilika. "Nani kawaambia hayo? Mimi niliwafundisha hivyo?" Wakasema hapana, babu. "Basi mkiambiwa tena, semeni babu kakataa." Kwa mvulana wa miaka 15 hiyo ni ngao ambayo mimi muuguzi nisingeweza kumpa kwa kitabu chochote. Somo la kukataa tulikuwa tumeliandaa kwa wasichana tu. Limehamishiwa kwa wote.

Oktoba 16

Msimu wa korosho. Mnada wa kwanza bei imepita 4,000 kwa kilo na kijiji kimechangamka: simu mpya, mabati, pikipiki zisizo na namba. Wazazi wamehamia mashambani kuokota. Watoto wamebaki nyumbani, wakubwa wakiwatunza wadogo, na wale wanaotoka vijiji vya mbali wako magetoni karibu na shule, msichana wa miaka 14 na chumba, jiko na kufuli. Kodi ya geto mzazi atailipa akiuza. Mwenye nyumba hangoji mauzo.

Vipindi vya darasani nimevipunguza nikaenda kijiwe cha bodaboda. Nimewasomea: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mwanafunzi mimba au kumwoa ni miaka 30 jela. Wakaleta la siku zote, mtu anaonekana mkubwa, mwili wote ule, utajuaje? Mwenyekiti wao aliwajibu kabla yangu: "Aliyevaa sare hahitaji cheti cha kuzaliwa." Wameweka kanuni yao, mwanafunzi habebwi bure. Nauli inalipwa na mzazi, au anatembea. Kwa anayejua lifti ya bure huishia wapi, hiyo si kanuni ndogo.

Mjomba mmoja aliyekuwa anangoja pikipiki alikuja na Sheria ya Ndoa ya 1971: msichana wa 15 anaolewa mzazi akiridhia. Nikamwambia Mahakama Kuu ilisema 2016 vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo Oktoba 2019. "Na sheria imebadilishwa?" Bado. Akapanda pikipiki yake akiwa ameshinda, na sikuwa na la kumfukuzia.

Novemba 12

Mmoja wa wasichana wetu ana mimba. Siandiki shule wala kidato.

Alijua. Ndiye aliyenyoosha mkono siku ya somo la yai, ndiye aliyeeleza wenzake kwa nini siku salama haziaminiki. Mwanaume alimlipia geto miezi miwili, wakati korosho za nyumbani kwao zilikuwa bado mtini. Nimekaa naye, hakulia. Aliniambia, "Dada, nilijua. Sikuwa na pa kulala."

Nimemwanzishia kliniki mapema. Kwa umri wake kifafa cha mimba, upungufu wa damu na uchungu pingamizi ni hatari za karibu, na uchungu ukikwama muda mrefu ndipo fistula, tundu la kuvuja mkojo au choo, inapotokea. Atajifungulia hospitali, mama yake amekubali hilo.

La kurudi shule lilikuwa refu. Mama alikuwa na hakika kwamba mlango umefungwa, kama ilivyotangazwa 2017. Mkuu wa shule alimwonyesha Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021, unaoruhusu aliyekatiza masomo kwa ujauzito arudi kwenye mfumo rasmi. Jina lake halifutwi. Akishindwa kurudi darasani hapa, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

La mwanaume limekwama. Mjomba anataka wamalizane nyumbani. Ofisa ustawi wa jamii amefungua jalada na polisi wanahitaji maelezo ya familia. Kijijini tunaambiwa tungoje uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 upite kwanza. Pande zote mbili zina kura.

Desemba 4

Shule zinafungwa, ripoti imekwenda halmashauri. Jalada bado liko polisi. Mwanaume hayupo kijijini, wengine wanasema yuko Masasi, wengine Msumbiji.

Kungwi mkubwa amekuja zahanati kuchukua ule mchoro, wa Kiswahili. Niliugandisha kwa plastiki ili usilowane. Atausema vipi huko ndani, sitajua na sitauliza. Ameniambia mwaka huu amewakataa wasichana wadogo wa nyumba mbili, akawaambia wazazi warudi wakivunja ungo. Nyumba moja imemsikia. Ya pili imekwenda kwa yule kungwi wa makamo.

Kwa 2025: vipindi vya geto, fedha na sheria vinahamishwa kuja Agosti, kabla ya msimu, kwa sababu Oktoba tunafika tumechelewa. Mzee wa jando na sheikh wanapewa kipindi chao kila muhula. Makomeo, na tangi la lita 5,000 kwa shule ya kwanza. Na mstari mpya kwenye bajeti: nyumba moja ya kupanga karibu na shule, wasichana wakae pamoja na mama mlezi, Septemba hadi Desemba.

Mfadhili amejibu kwamba kodi ya nyumba haimo kwenye elimu ya afya ya uzazi. Nimeambatisha kumbukumbu ya Novemba 12, nikalituma ombi tena lilivyo.